Mgonjwa wako yuko ICU? Usisahau kinywa chake

Ndugu yetu anapolazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi, ambayo wengi tunaiita ICU, macho yetu yote huenda kwenye mashine. Tunauliza presha ikoje, oksijeni imepanda au imeshuka, figo zinafanya kazi, atazinduka lini. Ni nadra mtu kuuliza, "Je, leo amesafishwa kinywa?" Mbele ya mgonjwa anayepigania uhai, swali hilo linaonekana dogo, na wengine huona hata aibu kuliuliza.

Ukweli ni kwamba usafi wa kinywa ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa huyo. Kinywa kikiachwa bila kusafishwa, vijidudu vyake vinaweza kushuka hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia. Nimonia hiyo inaweza kumuua mtu ambaye tayari alikuwa ameanza kupata nafuu ya ugonjwa uliompeleka hospitali.

Makala hii ni kwa ajili yako mama, dada, binti, shangazi au mlezi yeyote mwenye mgonjwa ICU, au mwenye mgonjwa aliyetoka huko na sasa unamhudumia nyumbani. Nitaeleza kinachotokea kinywani, wauguzi wanafanya nini, na wewe unaweza kusaidia wapi.

Mate yana kazi gani?

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Hatuyaoni kwa sababu tunayameza muda wote. Mate huosha meno, hulainisha ulimi na midomo, hupunguza makali ya asidi inayotoboa meno, na yana kinga inayozuia vijidudu visizaliane kupita kiasi. Kutafuna, kuongea na kunywa maji pia husaidia kukisafisha kinywa.

Tukilala usiku mate hupungua sana. Ndiyo maana tunaamka na mdomo mkavu wenye harufu. Tukishapiga mswaki na kunywa chai, hali inarudi kuwa ya kawaida. Sasa mfikirie mtu ambaye asubuhi hiyo haimfikii kwa siku tano, kumi au zaidi. Huyo ndiye mgonjwa wa ICU.

Nini hubadilika mgonjwa akiwa ICU?

Anaweza kuwa mzee aliyepata kiharusi, kijana aliyepata ajali ya bodaboda, au mama aliyepata kifafa cha mimba. Magonjwa ni tofauti, lakini vinywa vyao hupata shida zinazofanana:

- Mdomo unabaki wazi. Mgonjwa aliyewekewa bomba la kupumulia kupitia mdomoni hawezi kufunga mdomo. Hewa huukausha muda wote.
- Mate hupungua. Baadhi ya dawa hukausha mate. Homa na upungufu wa maji mwilini huongeza ukavu. Oksijeni nayo hukausha.
- Hamezi vizuri. Akiwa amepewa dawa ya usingizi au amepoteza fahamu, mate kidogo aliyonayo hukusanyika nyuma ya koo.
- Hakohoi kama kawaida. Wewe mate yakikupalia unakohoa mpaka yatoke. Yeye hana nguvu hiyo, au dawa zimeizima.
- Midomo na ulimi huumia. Bomba na plasta zinazolishikilia hugandamiza sehemu moja kwa muda mrefu, na vidonda hutokea.
- Fangasi hupata nafasi. Dawa za antibaotiki huua vijidudu vibaya na vizuri kwa pamoja. Fangasi hubaki bila mpinzani, na ndipo unaona utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani.

Juu ya yote hayo, ukoga unaendelea kujijenga kwenye meno. Ukoga ni ule utando laini unaoteleza unaousikia kwa ulimi usipopiga mswaki. Ndani yake kuna vijidudu vingi mno. Kwa mgonjwa mahututi, ndani ya siku mbili hivi tu aina ya vijidudu vilivyomo kinywani huanza kubadilika: vile vya kawaida hupungua, na vile vikali vya hospitalini, vinavyoweza kuleta nimonia, huchukua nafasi.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi ninazozitembelea huwa hazilijui. Wengi huamini kwamba mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, kwa kuwa hali chakula kwa mdomo, basi mdomo wake hauchafuki. Ni kinyume chake. Kinywa kisichotafuna na kisicho na mate ya kutosha huchafuka haraka kuliko changu na chako.

Kutoka kinywani hadi kwenye mapafu

Kooni kuna njia mbili zilizo jirani: moja ya chakula kwenda tumboni, nyingine ya hewa kwenda kwenye mapafu. Tunapomeza, mwili hufunga njia ya hewa kwa muda mfupi sana ili chakula na mate visiingie humo. Mgonjwa asiye na fahamu hawezi kutegemea mlango huo.

Akiwekewa bomba la kupumulia, bomba lenyewe linapita katikati ya mlango huo na kuuacha wazi. Kwenye ncha ya bomba kuna puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba pembeni. Puto husaidia sana, lakini haliwezi kuziba kwa asilimia mia. Mate yenye vijidudu hukusanyika juu ya puto, na kidogo kidogo hupenya pembeni na kushuka kwenye mapafu. Nimonia inayoanza baada ya mgonjwa kukaa kwenye mashine saa 48 au zaidi huitwa nimonia ya mashine ya kupumulia. Ni moja ya maambukizi yanayoogopwa sana ICU, kwa sababu humfanya mgonjwa akae kwenye mashine muda mrefu zaidi, huongeza gharama, na huongeza hatari ya kufa.

Hata mgonjwa asiyekuwa kwenye mashine anaweza kupata nimonia kwa njia hii, hasa aliyepata kiharusi na kupoteza uwezo wa kumeza vizuri.

Je, mswaki unaweza kuzuia jambo kubwa kama hili? Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha mapitio ya majaribio 15 yaliyolinganisha wagonjwa wa hospitali waliosafishwa meno kwa mswaki na wale ambao hawakusafishwa kwa mswaki. Waliopigishwa mswaki walipata nimonia ya hospitalini pungufu kwa karibu theluthi moja. Faida ilionekana zaidi kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia: walitoka kwenye mashine mapema na kukaa ICU siku chache zaidi. Hata vifo ICU vilikuwa vichache. Jambo jingine la kutia moyo ni kwamba kupigishwa mswaki mara mbili kwa siku kulileta faida inayofanana na mara tatu au zaidi.

Mswaki una nguvu hii kwa sababu ukoga umeng'ang'ania kwenye jino. Kupangusa kwa pamba au kunyunyizia dawa hakuuondoi. Lazima usuguliwe.

Wauguzi hufanya nini?

Utaratibu hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali, lakini kwa kawaida muuguzi wa ICU:

1. Huinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kama hali ya mgonjwa inaruhusu, ili mate na chakula visirudi nyuma kirahisi.
2. Huangalia midomo, ulimi, fizi na mashavu kwa ndani kutafuta vidonda, damu au utando.
3. Husafisha meno, fizi na ulimi kwa mswaki mdogo laini, huku akifyonza mate kwa mashine ili yasishuke kooni.
4. Hulainisha kinywa na midomo kwa unyevu kila baada ya saa chache.
5. Huhamisha bomba kutoka upande mmoja wa mdomo kwenda mwingine, ili lisichubue sehemu moja.

Kwa miaka mingi hospitali nyingi duniani zilitumia dawa ya kusukutua iitwayo klorheksidini kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine. Siku hizi mawazo yamebadilika. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 wa kuzuia nimonia ya mashine uliweka mswaki kati ya mambo ya lazima, na haukupendekeza tena klorheksidini kwa kazi hiyo, kwa kuwa faida yake haikuwa wazi na kulikuwa na wasiwasi kwamba inaweza kudhuru baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo usihangaike kununua dawa ya kusukutua duka la dawa na kumpelekea mgonjwa. Kama daktari wake ataona anahitaji, ataiandika.

Wewe unaweza kusaidia nini?

Saa za kuona wagonjwa ICU ni chache, na mara nyingi anaruhusiwa mtu mmoja au wawili tu. Hata hivyo, hata dakika kumi zinatosha kufanya mambo ya maana.

Waeleze wauguzi kuhusu kinywa chake. Wewe unamjua, wao wamemkuta hajitambui. Waambie kama:
- ana meno ya bandia, hata jino moja;
- ana jino linalotikisika, kwa sababu linaweza kung'oka na kuingia kwenye njia ya hewa;
- ana nyaya za kunyooshea meno;
- alikuwa na jino bovu, jipu au fizi zinazotoa damu kabla ya kuugua;
- ana mzio wa dawa yoyote.

Chukua meno ya bandia nyumbani. Yakivuliwa hospitalini ni rahisi kupotea kwenye mashuka. Yaoshe, yaweke kwenye kikopo chenye maji safi na mfuniko, andika jina. Badilisha maji kila siku. Atayahitaji akipona, ingawa kama amekonda sana yanaweza kulegea, na itabidi aonwe na daktari wa meno.

Peleka vifaa, lakini uliza kwanza. Hospitali nyingine zina vifaa vyake, nyingine hutegemea ndugu walete. Ukiambiwa ulete, kwa kawaida vitahitajika mswaki mdogo wenye brashi laini (wa mtoto unafaa hata kwa mtu mzima, kwa sababu unapita vizuri pembeni ya bomba), dawa ya meno yenye floraidi, na taulo dogo. Mswaki laini unaupata duka la mtaani kwa bei ya soda moja au mbili. Andika jina la mgonjwa kwenye kila kitu.

Uliza kwa upole. Wauguzi wa ICU wana kazi nzito, na mara nyingi ni wachache kuliko kazi yenyewe. Swali la lawama hufunga masikio. Unaweza kusema hivi: "Sista, shikamoo, poleni na kazi. Naomba kuuliza, mama yangu anasafishwa kinywa mara ngapi kwa siku? Kuna kitu cha kuleta, au kuna ninachoweza kusaidia nikija?" Muuguzi akisikia hivyo anajua ana mwenzake. Baadhi ya wodi zitakuruhusu kulainisha midomo ya mgonjwa chini ya uangalizi. Nyingine hazitakuruhusu kugusa chochote, na hiyo pia ina sababu zake.

Ongea naye. Muuguzi akianza kumsafisha na wewe upo, mwambie mgonjwa kinachofanyika: "Baba, sista anakusafisha meno sasa." Hata anayeonekana amelala anaweza kusikia. Kuguswa mdomo ghafla humshtua mtu.

Mambo ya kuepuka kabisa

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ndipo upendo wetu unapoweza kumdhuru mgonjwa.

Usimpe kitu chochote kwa mdomo kwa siri. Si maji, si uji, si chai, si juisi, hata kijiko kimoja. Najua inavyouma kuona midomo ya mama yako imekauka na kupasuka halafu usimpe hata tone. Lakini tone hilo haliendi tumboni, linaweza kwenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Hii inahusu pia maji ya baraka, Zamzam, kombe au dawa za asili. Hakuna anayekuzuia kumwombea. Mwambie muuguzi unachotaka kufanya, na uombe kama unaweza kumpaka kwenye paji la uso au mikono. Sala haipungui nguvu kwa sababu maji hayakupita kooni.

Usitumie limau wala glisarini ya limau. Zamani ilitumika sana kulainisha midomo ya wagonjwa, na baadhi yetu tuliwaona mama zetu wakiitumia. Limau lina asidi inayokula meno na kuchoma vidonda, na baada ya muda mfupi mdomo unakauka zaidi kuliko mwanzo.

Usimsugue kwa mkaa, chumvi kavu, majivu au mswaki wa mti. Mkaa na chumvi kavu huchubua fizi. Mswaki wa mti, unaotumiwa na wengi hasa pwani, ni mzuri kwa mtu anayejisafisha mwenyewe akiwa macho. Kwa asiyejitambua, nyuzi zake zinaweza kukatika na kubaki kooni.

Usimpake mafuta ya mgando mdomoni bila kuuliza kama anatumia oksijeni. Mafuta na oksijeni havipatani, yanaweza kushika moto. Uliza wodi inatumia nini kulainisha midomo.

Usimtie kidole katikati ya meno. Asiyejitambua anaweza kung'ata kwa nguvu bila kukusudia.

Kama mgonjwa ni mtoto wako

Mtoto mwenye meno, hata mawili tu, anahitaji mswaki kama mtu mzima. Tumia mswaki wa mtoto na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Kwa aliyefikisha miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere. Akiwa ICU kazi hiyo ni ya muuguzi, lakini mama au baba mara nyingi huruhusiwa kukaa karibu kuliko ndugu wa mgonjwa mtu mzima, na sauti yako humtuliza. Mwambie pia muuguzi kama mtoto yuko kwenye umri wa kung'oka meno ya utoto na una jino unalolijua linacheza.

Mtoto ambaye hajaota meno husafishwa fizi na ulimi kwa kitambaa laini chenye unyevu. Usimpake asali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatakiwi kupewa asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu hatari kwake.

Kwa mama aliyejifungua njiti, kuna jambo moja ambalo wewe peke yako unaweza kulitoa. Maziwa yako ya mwanzo yenye rangi ya njano, yaani dang'a, yana kinga nyingi. Katika baadhi ya hospitali, njiti asiyeweza kunyonya hudondoshewa matone machache sana ya maziwa ya mama yake ndani ya shavu, au hupakwa kwenye midomo, kila baada ya saa chache. Kiasi ni kidogo mno, si cha kumshibisha. Anapata kinga na kuanza kuzoea ladha ya mama yake. Muulize muuguzi wa wodi ya watoto wachanga kama wanafanya hivyo, na umwombe akufundishe kukamua. Kama unaishi na VVU, au unatumia dawa yoyote, zungumza naye kwanza. Usidondoshe mwenyewe bila kuelekezwa.

Bomba likishatolewa

Siku bomba linapotolewa ni siku ya furaha, na jambo la kwanza mgonjwa anataka ni maji. Tafadhali subiri. Koo lililokaa na bomba siku kadhaa huwa limelegea, na kumeza kunaweza kuwa hakujarudi. Wahudumu watampima kwanza kwa kumpa maji kidogo sana akiwa amekaa, na kuangalia kama anakohoa au sauti inabadilika. Wakisema bado, ujue hawamnyimi.

Usishangae akilalamika kuwa sauti imekauka, chakula hakina ladha, ulimi unauma au midomo ina vidonda. Mengi ya hayo hupungua siku hadi siku. Akishaweza kushika mswaki, mwache ajisafishe mwenyewe, hata kama atachukua muda mrefu na kumwaga maji. Ni zoezi la mkono, na ni heshima yake inarudi. Wewe malizia pale asipofika.

Ukimrudisha nyumbani

Wagonjwa wengi hutoka hospitali wakiwa bado hawajiwezi, hasa wa kiharusi. Nikifika majumbani nakuta familia zinajitahidi sana: mgonjwa ameogeshwa, amegeuzwa, shuka ni safi. Kinywa ndicho husahaulika, au watu wanaogopa kukigusa. Fuata hatua hizi asubuhi na usiku:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiwa na glavu, vaa.
2. Mkalishe wima. Kama hawezi, mlaze ubavu huku mito ikimwinua kichwa na mabega, uso ukiangalia chini kidogo ili mate yatoke nje. Usimsafishe akiwa amelala chali bapa.
3. Mtandikie taulo chini ya kidevu na uweke bakuli karibu.
4. Mwambie unachotaka kufanya. Gusa shavu kwanza, kisha midomo, ndipo uingize mswaki.
5. Kama ana meno ya bandia, yatoe na uyasafishe pembeni kwa mswaki na maji. Usiku asilale nayo.
6. Lowesha mswaki laini, kung'uta maji yote, weka dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Dawa nyingi hutoa povu, na povu humpalia.
7. Piga taratibu sehemu chache kwa wakati: nje ya meno, ndani, juu, kisha mstari ambapo jino linakutana na fizi. Pumzika, futa mate, endelea.
8. Pitisha mswaki kwenye ulimi kwa upole, bila kwenda nyuma sana, maana atatapika.
9. Futa povu na mate kwa kitambaa safi chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri. Kama hawezi kutema, usimpe maji ya kusukutua.
10. Paka midomo mafuta kidogo, kama hatumii oksijeni.
11. Mwache akiwa amekaa au ameinuliwa kwa angalau nusu saa.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, angalia shavu la upande uliopooza kila baada ya mlo. Chakula hukwama humo bila yeye kujua, na saa moja baadaye kinaweza kumpalia. Kwa anayelishwa kwa mpira, msafishe kabla ya kumlisha au muda mrefu baada ya hapo, si mara tu tumbo likijaa.

Akibana meno, usilazimishe na usimtie kijiko ili kumfungua. Safisha nje ya meno, mpumzishe, jaribu tena baadaye. Anayebana meno anaweza kuwa na kitu kinachomuuma humo ndani, kwa hiyo chungulia kwa tochi.

Mswaki ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema kama nywele zake zimepinda, au baada ya kutibiwa fangasi ya kinywa.

Dalili za kutokusubiri

Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- homa, kupumua haraka, kifua kukoroma, au kuchanganyikiwa ghafla;
- anakohoa au sauti inakuwa kama ya majimaji kila akila au akinywa;
- shavu, taya au shingo imevimba;
- damu ya fizi isiyokoma, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda;
- usaha mdomoni au maumivu yanayomzuia kumeza;
- mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda cha fizi chenye harufu kali au shavu likivimba na kubadilika rangi.

Utando mweupe unaoacha wekundu ukifutwa huenda ni fangasi, na unatibika. Usiusugue kwa nguvu, mpeleke apewe dawa. Kidonda chochote cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili nacho kionwe na daktari.

Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

*Fizi zinatoa damu nikimsafisha. Niache?*
Usiache. Fizi zilizokaa bila kusafishwa huvimba na kutoa damu kidogo mwanzoni. Ukiendelea taratibu kila siku, kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja hivi. Damu ikiwa nyingi au haikomi, nenda hospitali.

*Mzee hana jino hata moja. Kuna haja?*
Ipo. Vijidudu hukaa pia kwenye fizi, ulimi na mashavu. Tumia mswaki laini au kitambaa chenye unyevu.

*Maji ya chumvi yanafaa?*
Kwa anayeweza kusukutua na kutema, ndiyo: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji safi ya uvuguvugu. Hutuliza vidonda, lakini hayachukui nafasi ya mswaki. Kwa asiyeweza kutema, hapana.

*Hali ni mbaya na madaktari wamesema tujiandae. Bado tumsumbue na mswaki?*
Katika hali hiyo tunapunguza kusugua na kuongeza kulainisha. Kitambaa chenye unyevu kwenye midomo na ulimi, mara kwa mara, humwondolea mateso ya kiu na ukavu. Kama yuko ICU, mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kufanya hivyo ukiwa umekaa naye.

Ya kukumbuka

- Kinywa cha asiyekula kwa mdomo huchafuka haraka.
- Mswaki laini mara mbili kwa siku huondoa ukoga unaobeba vijidudu vya nimonia.
- ICU: eleza, uliza, leta ulichoambiwa. Usimpe kitu kwa mdomo bila ruhusa.
- Nyumbani: akae wima au ubavu, maji kidogo, dawa kidogo, taratibu.
- Homa, kupumua haraka au kupaliwa kila akila: hospitali siku hiyo hiyo.

Ukienda kumwona mgonjwa wako kesho, ukishamsalimia muuguzi na kuuliza hali, ongeza swali moja tu kuhusu kinywa.